Kelele za Chura: Kihansi, Mlimba na Maji Yaendayo Baharini

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ni methali ya wenye nguvu. Mkubwa huitumia anapotaka kuwanyamazisha wadogo, na katika majukwaa ya siasa ya Tanzania imesemwa mara nyingi kiasi cha kupungukiwa na makali. Hata hivyo, katika miaka ya mwisho ya karne ya 20, methali hii ilipata mtihani ambao waliotuachia hawakuutazamia. Mahali pa mtihani palikuwa korongo moja la milima ya Udzungwa, katika pande za Mlimba, mkoani Morogoro. Ng'ombe alikuwa mtambo wa umeme wa megawati 180. Chura alikuwa kiumbe wa rangi ya manjano asiyefikia urefu wa sentimita 3. Maji yaliyogombewa yalikuwa ya mto Kihansi.

Msomaji wa pwani na visiwani huenda akaiona Mlimba kuwa ni mbali. Mtu atokaye Dar es Salaam kwa treni ya TAZARA hulivuka kwanza pori kubwa lililokuwa likiitwa Selous, kisha huingia katika bonde la Kilombero, akapita Ifakara na vituo vidogo kadhaa hadi kuwasili Mlimba. Mkono wake wa kulia husimama ukuta wa Udzungwa. Wa kushoto hutandaa tambarare ya majani na mpunga mpaka macho yachoke, na ng'ambo yake ni nchi ya Mahenge. Kuanzia Mlimba reli huacha tambarare na kuanza kuupanda mlima kuelekea Makambako, ikipita katika mahandaki na juu ya madaraja marefu. Hicho ndicho kipande kilichowatoa jasho zaidi wafanyakazi wa Kichina na wa Kiafrika walioijenga njia hiyo baina ya mwaka 1970 na 1975. Mlimba, basi, ni mji wa mguuni pa mlima: mahali ambapo reli hupanda na maji hushuka.

Na maji yanayoshuka hapo ni mengi. Ruhudji, Mnyera, Mpanga na Kihansi huteremka kutoka nyanda za juu na kukutana katika bonde, zikawa mto Kilombero. Kilombero hukutana na Luwegu, na makutano yao ndiyo mwanzo wa mto Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji yote ya Rufiji hutoka katika bonde la Kilombero. Kwa hiyo mvua inyeshayo juu ya Mlimba haikomi Mlimba. Husafiri mamia ya kilomita, ikapasuka matawi katika delta, na mwisho wake ni bahari iliyoikabili Mafia.

Watu wa visiwani waliujua mwisho wa safari hiyo zamani sana, hata kama mwanzo wake haukujulikana kwao. Boriti zilizobeba dari za nyumba za mawe, katika miji ya visiwa na ya mwambao, nyingi zilikatwa katika mikoko ya delta ya Rufiji na kupakiwa majahazini. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Mikoko hiyo haisimami kwa maji ya chumvi peke yake. Inahitaji maji baridi na tope ambalo mto huteremka nalo kutoka bara. Mwaka 1881 jarida la Jumuiya ya Kijiografia ya London lilichapa taarifa ya William Beardall, Mwingereza aliyeupanda mto Rufiji kwa amri ya Sultani wa Zanzibar, wakati huo Sayyid Barghash bin Said. Unguja ilitaka kuujua mto ule. Lakini ujuzi wa kweli wa maji ya juu ulikuwa mikononi mwa watu waliokuwa wakiishi nayo.

Wandamba, na jirani zao Wapogoro, Wambunga na Wabena wa mitoni, walijenga maisha yao juu ya mafuriko. Mto ulipofura, tambarare iligeuka ziwa na mtumbwi ukawa ndio mguu wa mtu. Mto ulipopungua, uliacha udongo mpya kwa mpunga na madimbwi yaliyojaa samaki. Mkulima alikesha juu ya dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa miti, akilinda shamba lake dhidi ya ndege na wanyama. Huyo hakuwa na neno "ardhi oevu", ambalo ni tunda la lugha ya ofisi za siku za karibuni. Alikuwa na kalenda ya maji, na katika kalenda hiyo kila kiumbe kilikuwa na zamu yake: samaki, kiboko, ndege, mpunga na mtu.

Juu ya tambarare hiyo, mto Kihansi ulikuwa na namna yake ya kushuka. Hauteremki taratibu. Huanguka kutoka ukingo wa mlima kwa mfululizo wa maporomoko, na tofauti baina ya juu na chini ni zaidi ya mita 800. Kwa mhandisi, kimo hicho ni hazina: maji kidogo yakianguka kutoka juu sana huzaa nguvu nyingi. Na katika miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa na njaa ya nguvu. Mabwawa yalipokauka mgawo wa umeme uliingia mijini, viwanda vikasimama na hospitali zikahangaika. Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na misaada ya Norway, Sweden na Ujerumani, ikaamua kuyatumia maporomoko ya Kihansi. Kazi ilianza katikati ya muongo huo. Palijengwa bwawa juu ya maporomoko, likachimbwa handaki ndani ya mlima, na mashine tatu za megawati 60 kila moja zikawekwa chini ya ardhi. Kufikia mwaka 2000 mashine zote tatu zilikuwa kazini. Kihansi ikawa ya pili kwa ukubwa baada ya Kidatu, na peke yake ilichukua karibu thuluthi moja ya uwezo wa umeme wa maji nchini.

Lakini mwaka 1996, wakati ujenzi ukiendelea, wataalamu wa viumbe waliteremka korongoni. Miongoni mwao alikuwa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walichokikuta ni kitu kisichokuwamo katika hesabu za mradi. Mguuni pa maporomoko, pale maji yanapogonga mwamba na kuruka kama moshi, palikuwa na vipande vya majimaji vilivyolowa mchana na usiku, mwaka mzima, kiangazi na masika. Manyunyu hayo hayakukatika, na joto lake halikubadilika sana. Majani na kuvumwani vilitandika mwamba kama zulia. Na ndani ya zulia hilo waliishi vyura wadogo wa manjano kwa maelfu, wakitambaa juu ya majani membamba.

Chura huyu hakuwa amepata kuandikwa na sayansi. Mwaka 1999 alipewa jina lake la kitaalamu, Nectophrynoides asperginis, ambalo sehemu yake ya pili imetokana na manyunyu. Ni chura wa kustaajabisha. Hatagi mayai majini kama vyura wa madimbwi. Jike hubeba watoto tumboni na kuwazaa wakiwa vyura kamili, kila mmoja akiwa hazidi punje ya mchele. Mlio wake ni hafifu, na mshindo wa maporomoko huufunika. Eneo lote alilokuwa akiishi duniani lilikuwa kama hekta 2 tu: shamba moja dogo la mkulima. Katika korongo hilohilo ulikutwa pia mbuni wa mwitu, ndugu wa kahawa ya kawaida, ambao mwaka 2004 ulipewa jina la Kihansi. Wahenga walikwisha sema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kihansi ilikuwa bahari ya namna hiyo: ndogo mno machoni pa mtu, na isiyo na mbadala kwa aliyeumbiwa humo.

Hapa ndipo lilipo kosa la kwanza katika historia hii, nalo ni la mpangilio wa kazi. Tathmini ya mazingira iliyotangulia mradi haikuwa imelichunguza korongo kama ilivyostahili. Korongo lilikuwa gumu kufikika, na swali la nini kinaishi chini ya maporomoko halikuulizwa kwa uzito kabla ya mikopo kutiwa saini. Lilipoulizwa, handaki lilikuwa likichimbwa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta wa Kihansi ulikuja kujengwa kwa gharama kubwa na kwa muda mrefu.

Mashine zilipoanza kuzunguka, takriban asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakianguka korongoni yaliingia handakini. Inafaa kulieleza jambo hili bila kulitia chumvi. Maji hayo hayakupotea kwa bonde; baada ya kuzungusha mashine yalirudi mtoni chini zaidi, yakaendelea na safari yake kuelekea Kilombero. Kilichonyimwa ni kile kipande cha katikati, pale ambapo maji yalikuwa yakianguka wazi na kurusha manyunyu. Maporomoko yalinyongea. Zulia la kijani likaanza kukauka, na mimea ya mahali pakavu ikaingia.

Mambo mawili yakafanywa kwa haraka. La kwanza lilifanyika mwishoni mwa mwaka 2000: vyura 499 walikamatwa na kupelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, na baadaye baadhi ya uzao wao ukatunzwa katika bustani ya Toledo, Ohio. La pili lilifanyika korongoni penyewe. Mabomba yalitandazwa juu ya mwamba na kufungwa vinyunyizio vidogo, ili maji kidogo yaliyobaki yarushwe kwa ukungu juu ya makazi ya chura. Maji hayo yaliteremka kwa uzito wake yenyewe, bila mashine ya kusukuma. Ikawa mvua ya bomba mahali pa mvua ya maporomoko.

Nchini, jambo hili likawa gumzo. Wako waliocheka: taifa lenye watoto wasio na taa ya kusomea litahangaika na vyura? Wako waliouliza kwa nini kiumbe wa Tanzania apande ndege akaishi New York. Kicheko kile hakikuwa cha upumbavu mtupu. Umeme si anasa, na watu wa Unguja hawahitaji kufundishwa hilo. Tangu mwaka 1980 kisiwa chao kimekuwa kikipata umeme wa Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari baina ya Ras Kiromoni na Fumba. Njia hiyo ilipoharibika, mwaka 2008, kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mmoja, na tena kwa miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Visima vilivyotegemea pampu vilinyamaza, na samaki wakaoza katika majokofu. Yeyote aliyeyapitia majuma yale anajua kwamba taa ina haki zake. Na gridi ile iliyolisha waya wa Fumba ni gridi ileile inayolishwa na Kihansi. Basi hakuna msomaji wa Unguja anayeweza kusimama kando ya kisa hiki na kusema hakimhusu. Taa aliyosomea mashairi yake usiku huenda ilikuwa na sehemu ya manyunyu yale.

Mwanzoni, mvua ya bomba ilionekana kufaulu. Mimea ya majimaji ilirudi, na hesabu ya Juni 2003 ilikadiria kwamba vyura korongoni wamefika karibu 20,000. Kisha, katika muda wa miezi michache, wakatoweka. Januari 2004 walioonekana walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Katika miili ya waliokufa ilikutwa kuvu ya kitridi, maradhi ya ngozi ambayo yameangamiza vyura katika mabara kadhaa. Palikuwa pia na shaka juu ya dawa za mashambani kutoka mlimani, ambazo huenda ziliteremka na tope lililofunguliwa bwawani mwaka 2003. Huko Marekani nako vyura walikuwa wamepungua sana kabla watunzaji hawajaielewa tabia yao. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, lilimwandika chura wa Kihansi katika orodha ya viumbe waliotoweka porini. Aliyekuwa na hekta 2 duniani sasa alikuwa na masanduku ya kioo katika nchi ya ugenini.

Kurudi kwake kulichukua muda. Mwaka 2010 vyura 100 walisafirishwa kwa ndege hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakawekwa katika maabara iliyotayarishwa kwa ajili yao. Mwishoni mwa mwaka 2012 vyura waliozaliwa utumwani walirejeshwa korongoni, chini ya vinyunyizio vilevile. Katika historia ya uhifadhi, huyu huhesabiwa kuwa chura wa kwanza aliyewahi kurejeshwa porini baada ya kutangazwa kwamba ametoweka huko. Kazi hiyo ililazimika kurudiwa, kwani kuachiliwa ni jambo moja na kuota mizizi ni jambo jingine. Kuvu haikuondoka korongoni kwa sababu wenyeji wamerudi.

Kwa zaidi ya miaka 20, kazi iliyokuwa ikifanywa na maporomoko, bure, bila msimamizi wala mshahara, imekuwa ikifanywa na watu. Chujio huziba kwa mchanga, na lazima lisafishwe. Vinyunyizio huvunjika. Wahifadhi wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, na wasaidizi wao, huingia korongoni kutazama, kupima na kurekebisha. Bajeti ikikatika mwaka mmoja, chura hana akiba ya maji ya kumvusha hadi mwaka ujao. Watu waliichukua kazi ya mlima, na tangu hapo hawawezi kuitua. Huo ndio uzito wa kisa cha Kihansi. Kicheko cha "vyura na umeme" kilipita karibu nao bila kuugusa: swali halikuwa nani ashinde baina ya mtu na chura, kwa kuwa umeme ulikuwa umekwisha kushinda. Swali lilikuwa nani atalipa, na kwa muda gani, kwa kitu kilichokuwa kikitolewa bure mpaka siku kilipovunjwa.

Taifa halikutoka mikono mitupu katika mtihani huo. Mwaka 2004, Kihansi ikiwa bado mbichi vichwani mwa watunga sheria, Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Sheria hiyo ililazimisha tathmini ya athari kufanywa kabla ya mradi kuanza, ikakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na ikatambua kamati za mazingira katika halmashauri za wilaya na za miji, katika kata, vijijini na hata vitongojini. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikaongeza jambo jingine zito: baada ya maji ya matumizi ya nyumbani, mto wenyewe una haki ya akiba yake kabla ya shamba na kabla ya mashine. Kama kifungu hicho kingekuwapo mwaka 1993, hadithi ya korongo ingeandikwa kwa namna nyingine.

Lakini sheria ilikuwa na shamba kubwa zaidi la kujaribiwa, nalo lipo chini ya korongo. Tambarare ya Kilombero ni miongoni mwa ardhi oevu kubwa za maji baridi katika nyanda za chini za Afrika Mashariki. Aprili 2002 Tanzania iliiingiza katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kulinda ardhi oevu uliotiwa saini katika mji wa Ramsar, Iran, mwaka 1971. Eneo lililoandikwa lilikuwa hekta 796,735. Wakati huo ilikadiriwa kwamba karibu robo tatu ya sheshe wote wa dunia waliishi humo. Sheshe ni paa wa majimaji, mwenye manyoya mekundu ya dhahabu, ambaye hawezi kuishi mbali na ukingo wa mto. Ndege mnana wa Kilombero, anayefuma kiota chake katika matete ya mto huo na si kwingine, alitambulishwa kwa sayansi mwaka 1990, na mwaka 2021 wakafuata ndege wengine wawili wadogo wa majanini, nao wa bonde hilohilo.

Ulinzi wa tambarare ulikuwa na historia ndefu na yenye machungu. Utawala wa Kiingereza uliifanya sehemu yake kuwa Pori Tengefu mwaka 1952. Katika pori la namna hiyo uwindaji ulidhibitiwa, lakini mtu kulima na kuishi hakukukatazwa, na hivyo vijiji vilikua ndani ya mipaka bila mtu kuviita vya wavamizi. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990 wafugaji wa Kisukuma, wa Kimaasai na wa Kibarbaig waliingia bondeni na ng'ombe wao, wakitafuta malisho ya kiangazi. Walipoondolewa katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, wengi zaidi walielekea huku. Mashamba nayo yalipanuka: miwa, misaji, mpunga wa kampuni na mpunga wa wakulima wadogo. Kila mmoja alikuwa na hoja yake, na kila mmoja aliukaribia mto zaidi.

Kisha Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 ikakataza kilimo na malisho katika mapori tengefu. Watu waliolala usiku wakiwa wakazi waliamka wakiwa wakosaji. Mwishoni mwa mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo bondeni, na operesheni hiyo iliacha malalamiko mengi nyuma yake. Baadhi ya waliofukuzwa walirudi, kwa sababu majani yaliyowaleta yalikuwa bado yapo. Sheshe waliendelea kupungua. Mwaka 2023 sehemu ya eneo hilo ilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba la Kilombero, na mpaka ukawa mkali zaidi kuliko wakati wowote.

Hapa kisa cha korongo na kisa cha tambarare vinakutana. Kihansi ilikuwa na hekta 2, na hekta 2 zaweza kunyunyiziwa kwa mabomba. Tambarare ni karibu mara 400,000 ya hizo. Hakuna taifa lenye mabomba ya kunyunyizia bonde zima, wala bustani ya wanyama ya kuwahifadhi sheshe wote na samaki wote na mafuriko yenyewe mpaka mambo yatengenee. Likikauka bonde hili, hakuna mvua ya bomba itakayofuata. Na safari hii anayehitaji maji si chura peke yake. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa katika korongo la mto Rufiji, lina uwezo wa megawati 2,115, karibu mara 12 ya Kihansi, na mashine yake ya kwanza iliwashwa Februari 2024. Bwawa hilo hunywa maji ya Kilombero. Majimaji ya Ifakara na Mlimba, yanayoyapokea mafuriko ya masika na kuyaachia polepole wakati wa kiangazi, yanasaidia kuamua ni maji kiasi gani yatafika bwawani, lini, na yakiwa na tope kiasi gani. Ng'ombe wa methali sasa ana haja na dimbwi la chura.

Ndiyo maana kazi zisizo na sifa ndizo zenye thamani kubwa zaidi katika bonde hilo. Kijiji kinapokaa na jirani yake wakakubaliana mpaka, na kwenye ramani ya matumizi ya ardhi wakaandika hapa shamba, hapa malisho, hapa njia ya tembo, hapa mto usiguswe, kimefanya jambo ambalo operesheni haikuweza. Kamati ya mazingira ya kijiji haina gari wala bunduki. Mara nyingi haina hata karatasi ya kutosha. Lakini wajumbe wake wanamjua aliyelima ukingoni, wanamjua baba yake, na wanajua ana watoto wangapi. Wanaweza kumwambia, "Ndugu yetu, rudi nyuma," naye akarudi, ikiwa kuna mahali pa kurudi. Hilo la mwisho ndilo lililosahauliwa mara nyingi tangu mwaka 1952. Mkataba wa mwaka 2002 uliliandika bonde katika orodha ya dunia; kulilinda siku hadi siku kuliachiwa watu ambao orodha hiyo haikuwataja, na ambao wakati mwingine dola imewahesabu kuwa ndio adui wa bonde.

Mwaka 2004, miaka miwili baada ya Kilombero, orodha hiyo ya Ramsar iliongezewa eneo jingine la Tanzania: Rufiji, Mafia na Kilwa, yaani mikoko, matumbawe na bahari ya mwisho wa mto. Kwenye karatasi ni maeneo mawili yenye nambari mbili tofauti. Kwa maji ni eneo moja. Kamba wanaokuzwa na maji yaliyochanganyika ya delta, mikoko inayoshika tope, mvuvi wa Mafia anayetazama rangi ya bahari ikibadilika wakati wa masika, wote wanasubiri kitu kilichoanza safari yake milimani juu ya Mlimba. Mwaka ambao maji yatachelewa, au yatakuja yote kwa mkupuo mmoja, au yatakuja yakiwa na sumu ya mashamba, Mafia itajua. Huenda ikajua kabla ya ofisi yoyote kuandika taarifa.

Korongoni Kihansi, wakati huo, mtu fulani atakuwa ameinama juu ya mwamba unaoteleza, akitoa mchanga katika kinyunyizio kilichoziba, ili ukungu uendelee kushuka.